Juliasi Kaizari Katika Shuka na Katika Suti



Kamati ya Maandalizi imenitaka niandike machache juu ya michezo ya kuigiza, kwa kuwa nilikuwa mwanachama wa klabu ya maigizo katika miaka ya tisini. Nimearifiwa pia kwamba siku ya sherehe yetu vijana watacheza Juliasi Kaizari, na kwamba umezuka ubishi: je, wavae shuka za Kirumi kama tulivyovaa sisi, au wavae suti na magwanda kama watu wa leo? Wazee wanasema shuka. Vijana wanasema suti.

Mimi ni mtumishi wa serikali. Kazi yangu kila siku ni kusoma majalada na kuandika maoni. Basi nimeona nilishughulikie suala hili kama jalada: kwanza chanzo chake, kisha hoja za kila upande, na mwisho maoni. Kwa bahati njema ubishi huu huu umekwisha kufanywa na mabingwa wa sinema, nami nimezitazama kazi zao mbili, moja ya jadi na moja ya kisasa, kwa makini yaliyostahili mambo makubwa zaidi.

Chanzo cha mchezo

Mchezo huu uliandikwa na William Shakespeare mwaka 1599. Msafiri mmoja kutoka Uswisi, Thomas Platter, aliandika katika kumbukumbu zake kwamba tarehe 21 Septemba mwaka huo alivuka mto Thames jijini London, akautazama katika jumba lililoezekwa kwa nyasi. Haukuchapishwa mpaka mwaka 1623, miaka saba baada ya mwandishi kufariki. Habari zenyewe Shakespeare alizipata kwa Plutarch, mwandishi wa Kiyunani, ambaye maandiko yake yalitolewa kwa Kiingereza na Thomas North mwaka 1579.

Kwa wale waliosahau, kisa ni hiki. Caesar amerudi Roma mshindi, na watu wanamshangilia kupita kiasi. Cassius anamwonea gere. Anamshawishi Brutus, mtu mwadilifu na rafiki wa Caesar, kwamba dola imo hatarini. Ili kumkoleza anamtupia dirishani barua za bandia zilizoandikwa kwa miandiko mbalimbali, zionekane zimetoka kwa wananchi. (Sisi wa maofisini tunazifahamu sana barua za namna hiyo.) Tarehe 15 Machi mwaka 44 K.K. Caesar anachomwa visu. Brutus, kwa wema wake, anamruhusu Antony aseme mazishini. Antony anasema, umati unageuka, mji unawaka moto, na mwaka 42 K.K. Brutus na Cassius wanakufa katika vita vya Philippi.

Sisi Watanzania tunao udugu wa pekee na mchezo huu. Mwalimu Julius Nyerere aliufasiri kwa Kiswahili, akiyahifadhi mashairi yake yasiyo na vina. Tafsiri ya kwanza ilitoka mwaka 1963, yeye akiwa Rais wa Tanganyika. Akaisahihisha, ikatoka tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Fikirini jambo hilo: mkuu wa nchi changa anakaa na kalamu kufasiri habari za mkuu wa nchi anayeuawa na rafiki zake. Januari ya mwaka huo huo wa 1963 Rais Sylvanus Olympio wa Togo aliuawa na askari. Wasomaji wa wakati ule hawakuhitaji kuelezwa mchezo ule unahusu nini.

Upande wa jadi: sinema ya 1953

Sinema ya kwanza niliitazama nikiwa Chuo Kikuu, katika kanda ya video iliyochakaa. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1953 na kampuni ya MGM. Mwongozaji alikuwa Joseph L. Mankiewicz na mtayarishaji John Houseman. Brutus ni James Mason, Cassius ni John Gielgud, Caesar ni Louis Calhern, na Antony ni Marlon Brando. Hii ni Roma ya shuka hasa: nguzo, ngazi, sanamu za mawe, na wazee waliofunga lubega za heshima. Picha zake hazina rangi, ingawa rangi ilikwisha enea katika sinema kubwa za siku zile. Ilipata tuzo ya Oscar kwa mandhari yake.

Uzuri wake mkubwa ni maneno. Gielgud alikuwa bingwa wa jukwaa la Kiingereza, na kila neno lake linatoka limenyooka kama paredi ya Jumatatu. Brando alikuwa kijana aliyejulikana kwa kumung'unya maneno, na wengi walitabiri kwamba angeaibika. Hakuaibika. Katika hotuba ya mazishi anawapa watu kisogo kana kwamba uchungu umemzidi. Lakini sisi watazamaji tunauona uso wake, nao si uso wa mtu anayelia. Ni wa mtu anayepima kama dawa imeanza kufanya kazi.

Basi wazee wenzangu, hoja yenu ina nguvu. Shuka haimsumbui mtazamaji. Hakuna anayeuliza huyu ni waziri gani, au yule ni wa chama gani. Macho yanatulia na masikio yanafanya kazi.

Upande wa kisasa: sinema ya 2012

Sinema ya pili ilitoka Uingereza mwaka 2012. Iliongozwa na Gregory Doran wa Royal Shakespeare Company na kuonyeshwa na BBC mwezi Juni mwaka huo, wakati kikundi hicho kilipokuwa kikiucheza mchezo huo huo jukwaani. Maneno ni yale yale ya Shakespeare. Lakini nchi ni ya Kiafrika isiyotajwa jina, wakati ni wetu, na waigizaji wote ni watu weusi wa Uingereza wenye asili ya Afrika na Karibiani. Caesar ni Jeffery Kissoon, Brutus ni Paterson Joseph, Cassius ni Cyril Nri, Antony ni Ray Fearon. Yule mtabiri anayemwonya Caesar juu ya tarehe 15 Machi, ambaye katika sinema nyingi ni mzee kipofu tu anayepita, hapa ni mganga aliyejipaka weupe mwilini, na mtu wa kwetu anapomwona haoni kichekesho.

Doran hakuokota wazo hilo njiani. Katika gereza la Kisiwa cha Robben mfungwa mmoja alikuwa na kitabu cha michezo yote ya Shakespeare, akakifunika kwa kadi za sikukuu ya Kihindu ili askari wakidhani ni kitabu cha dini. Kitabu kilipita mkono kwa mkono, na wafungwa wakatia sahihi zao penye maneno waliyoyapenda. Nelson Mandela alitia yake tarehe 16 Desemba 1977, ndani ya Julius Caesar, mahali Caesar anaposema kwamba mwoga hufa mara nyingi kabla ya kifo chake. Mwaka 2012 kitabu hicho kilionyeshwa katika British Museum jijini London.

Sinema hii niliitazama nyumbani usiku mmoja na binti yangu aliye Kidato cha Pili. Mwanzoni alilalamika kwamba Kiingereza chake ni kigumu. Baada ya dakika ishirini alikuwa amesogea ukingoni mwa kiti. Brutus na Cassius walipokuwa wakinong'ona, mimi nilimfikiria Thomas Sankara wa Burkina Faso, aliyeuawa tarehe 15 Oktoba 1987, na rafiki yake mkubwa akashika nchi siku ile ile. Mwaka 2022 mahakama ya nchi hiyo ilimtia rafiki huyo hatiani, asiwepo mahakamani. Shuka zisingenipeleka Ouagadougou. Suti zilinipeleka.

Basi vijana, hoja yenu nayo ina nguvu.

Nani hasa ni wa jadi?

Hapa lazima niwasumbue kidogo pande zote mbili. Shakespeare mwenyewe hakuwa mtu wa shuka. Waigizaji wa London mwaka 1599 walivaa zaidi mavazi ya siku zao wenyewe. Ndani ya mchezo Casca anaeleza jinsi Caesar alivyofungua koti lake, nalo ni koti la Waingereza wa enzi ya Malkia Elizabeth. Tena saa inagonga usiku wa njama, wakati Roma ya Caesar haikuwa na saa za kugonga. Kwa hiyo aliye wa jadi hasa ni yule anayevaa nguo za leo, na shuka za Kirumi ni mtindo uliokuja baadaye.

Tena, mchezo wa suti ulitangulia sinema ya shuka. Mwezi Novemba mwaka 1937 mjini New York, kijana wa miaka ishirini na miwili aitwaye Orson Welles aliucheza Julius Caesar katika Mercury Theatre, watu wakiwa wamevaa nguo za wakati ule, na wafuasi wa Caesar wakifanana na mafashisti wa Italia ya Mussolini. Welles mwenyewe alikuwa Brutus. Mshirika wake, aliyekuwa mtayarishaji, ni nani? Ni John Houseman yule yule, ambaye miaka kumi na sita baadaye alitayarisha sinema ya shuka. Mtu mmoja aliufanya mchezo kwa njia zote mbili. Basi nilianza kujiuliza: mtu huyu alipotoka kwenye suti kwenda kwenye shuka, alipoteza nini njiani?

Tukio lililoachwa

Jibu nililipata kwa binti yangu. Sinema ya 2012 ilipokwisha nilimwonyesha na ile ya 1953, ili alinganishe. Hotuba ya Antony ilipomalizika na mandhari yakabadilika, aliniuliza, "Baba, mbona yule malenga hayumo?"

Ni kweli. Mara baada ya hotuba ya mazishi, Shakespeare aliweka tukio fupi, lisilofika kurasa mbili. Mtu aitwaye Cinna anatembea mjini. Umati unamkuta na kumhoji: jina lako nani, unakwenda wapi, unakaa wapi, una mke? Anawajibu kwa ucheshi, mpaka anapotaja jina. Miongoni mwa waliomuua Caesar yumo Cinna mwingine. Huyu wetu anapiga kelele kwamba yeye si yule, yeye ni Cinna mtunga mashairi. Wanasema basi auawe kwa sababu ya mashairi yake mabaya. Wanamrarua. Jambo hili halikubuniwa. Plutarch anasimulia kwamba Cinna, rafiki wa Caesar, aliuawa siku ya mazishi kwa kudhaniwa kuwa adui mwenye jina kama lake.

Katika mchezo wa 1937 tukio hilo ndilo lililowashika watazamaji kuliko yote. Cinna alikuwa Norman Lloyd, naye aliishi miaka 106 akiendelea kukumbukwa kwa dakika zile chache. Sinema ya 2012 imelihifadhi. Sinema ya 1953 imelikata. Pale ina Roma yote, mawe yake na maneno yake, lakini umati unaofanya kelele mbele ya Antony hatuoni umefanya nini ulipotawanyika.

Nilimjibu binti yangu kwamba huenda waliona sinema inakuwa ndefu. Sikumweleza kwa nini nilinyamaza kidogo kabla ya kujibu. Nawaeleza nyinyi.

Mwaka 1996, nikiwa Kidato cha Tatu, klabu yetu ilicheza Juliasi Kaizari katika bwalo la chakula. Tulivaa shuka za bweni, wengine zenye alama za wino. Mimi nilipewa nafasi ya Cinna malenga. Nilikariri maneno yangu wiki mbili. Siku nne kabla ya onyesho tulipima muda, tukaona mchezo umezidi, na uamuzi ukafanywa kwamba tukio la malenga halina kazi, tuliondoe. Hakuna aliyebisha, isipokuwa mimi, na mimi nilibisha kwa sababu ya uroho wa kuonekana. Nikafanywa mmoja wa raia. Kazi yangu ikawa kupiga kelele pamoja na wenzangu pale Antony anaposoma wosia. Nilipiga kelele vizuri. Wageni walipiga makofi.

Wiki tatu baadaye, usiku, fedha zilipotea katika sanduku la mmoja wetu bwenini. Mtu akataja jina. Kidato chetu kilikuwa na wavulana wawili wenye jina hilo, mmoja mkondo wa A na mmoja mkondo wa C. Tuliamka wote. Aliyekuwa karibu ni wa A, kijana mpole aliyekuwa akiandika barua za wenzake kwenda nyumbani, kwa sababu mwandiko wake ulikuwa mzuri. Alisema, "Jamani siye mimi." Akasema anayetafutwa huenda ni yule wa C, na hata huyo hajui kama ameiba. Mtu mmoja gizani akajibu kwamba wenye jina hilo wote ni wamoja. Watu wakacheka. Kisha wakaanza.

Mimi sikumpiga. Kwa miaka mingi nilijifariji kwa sentensi hiyo. Mimi nilishika kurunzi. Umeme ulikuwa umezimwa, na bila kurunzi ile wasingemwona.

Alivunjika mkono wa kuume. Fedha zilionekana kesho yake ndani ya godoro la mwenyewe aliyelalamika kuibiwa. Baba yake alikuja kumchukua. Aliaga kwa walimu, na sisi hakututazama. Hakurudi. Uongozi ulipouliza nani alifanya, bweni zima lilinyamaza, nami nikiwamo. Wengi wape, walisema wahenga, nasi tuliwapa.

Tangu siku ile kila ninapopita stendi nikasikia sauti ikiita "Mwizi!" na kuona watu wakianza kukimbia, wengine wakiokota mawe kabla hawajajua ni nani, ninafahamu kwamba sijatoka katika bwalo lile. Namfahamu pia yule anayesimama pembeni akimulika. Siku hizi anamulika kwa simu.

Maoni

Baada ya kupitia pande zote, naomba kutoa maoni yafuatayo.

Kwanza, kuhusu mavazi, kila upande una faida na kasoro. Shuka hutuliza macho, lakini zinaweza kumfanya mtazamaji aseme: hayo ni mambo ya Warumi, tena ya zamani. Suti huleta jambo karibu, lakini zinaweza kumfanya aseme: hayo ni mambo ya wakubwa. Katika hali zote mbili anaweza kwenda kulala akiwa hana hatia. Amewaona Caesar, Brutus, Cassius na Antony, naye si mmojawapo. Sisi tulio wengi hatutakuwa Brutus wala Antony. Nafasi yetu katika mchezo huu ni ile ya raia.

Pili, kwa sababu hiyo, tukio la Cinna malenga lisikatwe. Kama muda ni mfupi, kateni kwingineko. Vita vya Philippi vinavumilia kupunguzwa. Aliyepewa nafasi hiyo asione amepewa kidogo. Na wale wanaocheza raia wafanye mazoezi ya tukio hilo kuliko mengine yote, polepole, mpaka kila mmoja aweze kueleza yeye binafsi alifanya nini: nani aliuliza jina, nani alicheka, nani alizuia njia. Msafara wa mamba na kenge wamo. Basi kila mmoja ajijue.

Tatu, ubishi wa mavazi wenyewe waachiwe vijana. Mchezo ni wao. Iwapo watachagua shuka, zisiwe na wino. Iwapo watachagua suti, mimi ninayo moja ya zamani inayoweza kumfaa Cassius, maana nilikuwa mwembamba wakati ule.

Nne, na hili si la Kamati bali ni langu. Gazeti hili hutumwa kwa anwani zote zilizomo katika rejista ya shule, hata za waliosoma mwaka mmoja tu. Yawezekana basi litamfikia mwenzetu yule wa mkondo wa A. Jina lake nimelihifadhi makusudi, kwa kuwa liliitwa vibaya mara moja, nayo inatosha. Ndugu, ni mimi niliyeshika kurunzi upande wa mlango. Nilijua kuwa si wewe, kwa sababu jioni ile ulikuwa umekaa kitandani kwangu ukiniandikia barua ya kwenda kwa mama. Sikusema. Nakuomba radhi, miaka yote hii ikiwa imepita, mbele ya wale wale walionyamaza pamoja nami. Ukipenda kuja siku ya sherehe, nitakuwa mlangoni tangu saa tatu asubuhi. Usipopenda, nitaelewa.

Naomba kuwasilisha.